Aliyeumia uti wa mgongo ahitaji mchezo kama ahitajivyo dawa

AJALI ya bodaboda huchukua nukta moja tu, lakini kijana anayevunjika uti wa mgongo siku hiyo huanza maisha ambayo hakuna aliyemfunza jinsi ya kuyaishi. Hulazwa hospitalini miezi mitatu, minne, pengine zaidi. Hatimaye siku ya kuruhusiwa hufika. Jamaa huja na teksi, kiti cha magurudumu hukunjwa na kutiwa kwenye buti, naye hubebwa mzobemzobe kutoka mlangoni hadi kitandani.

Nyumba hujaa watu. Majirani huleta matunda, wenzake wa kanisani au msikitini huja kumwombea. Mama humlisha, dada humfulia, na mdogo wake humsukuma hadi barazani asubuhi na kumrudisha ndani jioni. Anyooshapo mkono kuchukua kikombe, watu watatu humtangulia.

Nia yao ni njema kabisa. Hata hivyo, mrudie baada ya mwaka mmoja. Mara nyingi utamkuta kijana yule yule tumbo limemtoka, mikono imelegea, ana kidonda cha makalio kisichotaka kupona, mkojo wake una harufu kali na hataki kuzungumza na mtu. Pikipiki haikumgonga mara ya pili. Kilichomdhuru safari hii ni kukaa.

Makala haya yanahusu tiba ambayo familia nyingi huichukulia kuwa anasa, au hata mzaha: michezo ya viti vya magurudumu. Wengi wetu tumeiona kwenye televisheni wakati wa Paralimpiki, tukastaajabu kidogo, kisha tukabadilisha stesheni. Wachache wanajua kwamba michezo hii ilizaliwa katika wodi ya hospitali, na kwamba aliyeianzisha alikuwa daktari aliyechoshwa na kuona wagonjwa wakifa.

KILICHOHARIBIKA NA KILICHOBAKI

Uti wa mgongo ni mnara wa mifupa midogo iitwayo pingili. Shingoni zimo 7, kifuani 12, kiunoni 5, na chini yake kuna nyingine zilizoungana. Katikati ya pingili hizo hupita ugwe wa mishipa ya fahamu, usiozidi unene wa kidole, unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi mwilini na kurudisha habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Ufananishe na waya wa simu. Ukikatika Thika, nyumba zilizo kabla ya Thika zitaendelea kuongea na Nairobi, lakini zilizo mbele yake zitanyamaza.

Kwa hivyo anayeumia kifuani au kiunoni hupooza miguu, lakini mikono yake hubaki mizima. Anayeumia shingoni hupoteza pia nguvu za mikono, zote au sehemu tu. Jambo ambalo jamaa huchelewa kulielewa ni kuwa si mwendo peke yake unaopotea. Hisia za ngozi, kibofu cha mkojo, njia ya haja kubwa, kutoka jasho na hata shinikizo la damu, vyote hutegemea waya huo huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 ulimwenguni wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo. Wengi waliumia katika ajali za barabarani, kwa kuanguka, au kwa kupigwa. Hapa kwetu tunawajua: abiria wa matatu, mwendeshaji wa bodaboda, fundi aliyeteleza kwenye jengo la orofa, mkwezi wa minazi kule Pwani, aliyepigwa risasi. Wapo pia wale ambao pingili zao zililiwa na kifua kikuu hadi ugwe ukabanwa.

Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuunga tena ugwe uliokatika. Ni neno chungu, na wapo matapeli wanaojitajirisha kwa kulikana. Kwa sababu hiyo, karibu matibabu yote yanayofuata upasuaji hushughulika na kile kilichobaki. Na hapo ndipo mchezo unapoingia.

DAKTARI WA STOKE MANDEVILLE

Ludwig Guttmann alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1899, akawa bingwa wa maradhi ya neva. Alikuwa Myahudi, na mwaka wa 1939 alikimbia utawala wa Hitler pamoja na familia yake akaingia Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944, serikali ya huko ikiwa inajiandaa kwa majeruhi wengi wa vita, alikabidhiwa kituo kipya cha waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury.

Siku hizo kazi hiyo haikutamaniwa na daktari yeyote. Katika Vita Vikuu vya Kwanza wengi wa askari walioumia hivyo walikufa katika wiki au miezi ya mwanzo, na kilichowaua kilikuwa vidonda vya kulalia na mkojo uliooza kibofuni. Walitiwa dawa za kutuliza maumivu, wakafichwa mwisho wa wodi, wakangojewa.

Guttmann alianza na mambo yasiyo na fahari yoyote. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mara nyingi alitokea wodini usiku wa manane kuhakikisha amri yake inafuatwa. Alisimamia usafi wa kibofu. Wagonjwa wakaacha kufa. Ndipo likazuka swali jipya: kijana wa miaka 22 ambaye hafi, lakini amelala tu akitazama dari, afanye nini?

Aliwapa kazi za mikono, useremala na kutengeneza saa. Kisha akawaona baadhi yao wakizungukazunguka kwa viti vyao wakipiga kitu sakafuni kwa bakora walizozigeuza juu chini. Mchezo huo wa bakora ulikuwa wa fujo mno, ukaachwa, na mahali pake ukaja upigaji mishale na mpira wa kikapuni. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ambayo Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, Guttmann aliandaa mashindano ya mishale katika bustani ya hospitali. Waliofika walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote askari wa zamani. Mishale haikuchaguliwa kwa bahati. Kuvuta upinde hujenga mabega, mikono na mgongo wa juu, na humfunza mtu aliyepoteza kiuno kukaa wima bila kuanguka.

Mwaka wa 1952 Waholanzi walivuka bahari wakajiunga nao. Mwaka wa 1960 mashindano yakafanyika Roma baada ya Olimpiki, kukiwa na wanamichezo 400 kutoka nchi 23, wote kwenye viti vya magurudumu. Hayo ndiyo yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki za kwanza. Kenya ilijiunga mwaka wa 1972 mjini Heidelberg, Ujerumani.

Kuna sehemu ya hadithi hii inayonigusa zaidi, nayo ni ya Japani. Daktari mmoja wa mifupa kutoka Oita, Yutaka Nakamura, alikwenda Stoke Mandeville mwaka wa 1960 kujifunza. Aliporudi nyumbani na kuwatoa wagonjwa wake nje wacheze, alilaumiwa vikali, hata na madaktari wenzake, kwamba anawafanya walemavu kuwa maonyesho. Hakukubali kurudi nyuma, na mwaka wa 1964 Paralimpiki zikafanyika Tokyo. Wajapani walipowatazama wageni waligundua jambo: wengi wa wageni wale walikuwa na kazi, na jioni walitoka kutembea mjini. Wachezaji wao wenyewe walikuwa wametolewa karibu wote hospitalini na katika makao ya kutunzia wagonjwa, na huko ndiko wangerudi. Mwaka uliofuata Nakamura alianzisha kituo cha kazi kwa watu wenye ulemavu mjini Beppu. Tangu 1981, Oita huwa na marathoni ya viti vya magurudumu peke yake, na hapo ndipo Mswisi Marcel Hug alipomaliza kilomita 42 mwaka wa 2021 kwa saa 1 dakika 17 na sekunde 47. Kwa sisi tunaojivunia marathoni, tukumbuke kwamba Kelvin Kiptum alipoishangaza dunia Chicago mwaka wa 2023 alitumia saa 2 na sekunde 35.

KINACHOSHINDWA UWANJANI HUTUMIKA CHOONI

Samahani kwa kichwa hicho, lakini hakuna njia nyingine ya kulisema jambo hili waziwazi.

Mtu mwenye uzani wa kilo 70 aliyepooza miguu atauinua mzigo huo kwa mikono yake mara nyingi kila siku. Ataunyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi chooni, kutoka chooni hadi kwenye kiti tena, na akitaka kwenda mjini, kutoka kwenye kiti hadi kwenye gari. Akishindwa kuuinua, kuna mtu lazima amwinulie. Maana yake ni kwamba hawezi kwenda haja mpaka kaka yake arudi kutoka kazini. Hebu liwaze hilo kwa dakika moja, wewe unayesoma ukiwa na miguu miwili mizima.

Mchezaji wa mpira wa vikapu husukuma kiti, hukisimamisha ghafla, hukigeuza na kukisukuma tena mara mamia katika mchezo mmoja. Mabega, kifua na viganja anavyovijenga ndivyo vile vile vinavyomvusha kutoka kitandani. Zaidi ya nguvu, hujifunza mizani: jinsi ya kuinama upande mmoja kuuokota mpira bila kupinduka, na jinsi ya kuinuka tena akipinduka. Anayejua kuanguka na kuinuka haogopi tena ukingo wa barabara, na Nairobi kingo hizo ni nyingi kuliko njia za viti.

Moyo nao una hesabu yake. Mtu anayetembea huufanyisha moyo kazi kwa misuli mikubwa ya mapaja. Akipanda ngazi za orofa mbili tu, moyo unadunda. Aliyepooza miguu amepoteza injini hiyo kubwa, imebaki injini ndogo ya mikono. Asipoiendesha kwa makusudi, moyo hulala. Misuli iliyonyauka haichomi chakula kama zamani, lakini mama bado anapakua ugali wa mtu anayevuta mkokoteni. Kwa sababu hiyo kisukari, mafuta mengi katika damu na maradhi ya moyo huwapata sana watu hawa. WHO ilieleza mwaka wa 2013 kwamba uwezekano wao wa kufa mapema ni mara 2 hadi 5 zaidi ya ule wa watu wengine, na hali ni mbaya zaidi katika nchi zenye mapato ya chini.

Kuhusu vidonda, tusidanganyane. Mchezo hauponyi kidonda. Unachofanya ni kumpa mtu mikono ya kujiinua kutoka kwenye kiti kila baada ya nusu saa hivi, au kuegemea mbele na pembeni kwa dakika moja au mbili, ili damu ipate kupita kwenye makalio. Aliye dhaifu hukaa tu, na ngozi yake huanza kufa bila yeye kuhisi chochote.

Kuna faida nyingine ambayo haipimwi kwa mashine. WHO ilikadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 30 ya walioumia ugwe wa mgongo huonyesha dalili za huzuni nzito inayohitaji matibabu. Tunawapelekea wahubiri na washauri, na hao wote ni wema. Lakini daktari aliyemtibu hajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Mwenzake uwanjani amekikalia miaka kumi. Huyo ndiye atakayemweleza jinsi ya kutoa mkojo safarini, mto gani wa kukalia hauchubui, jinsi ya kukipandisha kiti juu ya ngazi moja, jinsi ya kujibizana na makanga anayedai nauli ya watu wawili, na jinsi ya kuongea na mke. Masomo hayo hutolewa kati ya kipindi cha kwanza na cha pili, watu wakinywa maji, bila mtu kuitwa mgonjwa.

ALIYEUMIA ZAIDI ANA THAMANI YAKE

Wengine huuliza, je, mtu wangu ataweza kushindana na waliokatwa mguu mmoja tu? Sheria zimelifikiria hilo. Katika mpira wa vikapu kila mchezaji hupewa alama, kuanzia 1 kwa aliyeathirika zaidi hadi 4.5 kwa aliyeathirika kidogo, na jumla ya watano walio uwanjani haiwezi kupita 14. Kocha akiwajaza wenye nguvu atavuka kiwango. Analazimika kumtafuta mwenye alama 1 na kumfunza vizuri. Kikapu chenyewe hakishushwi, kiko mita 3.05 juu kama cha wengine wote.

Kwa waliovunjika shingo, ambao vidole vyao haviwezi kuushika mpira barabara, upo mchezo wa raga ya viti vya magurudumu. Ulibuniwa mjini Winnipeg, Kanada, katika miaka ya 1970 na vijana waliopooza mikono na miguu, waliochoka kukaa pembeni wakiwatazama wenzao wa vikapu. Wachezaji ni wanne kila upande, alama zao zisizidi 8, na viti hugongana kwa kishindo hata mtazamaji akafumba macho. Katika tenisi ya viti, mpira huruhusiwa kudunda mara mbili badala ya moja. Kuna kuogelea, mishale, tenisi ya meza, kunyanyua uzani na mbio.

Wakenya wamo. Anne Wafula Strike, aliyezaliwa huku kwetu na kupooza kwa polio, alishindana katika mbio za viti akiivalia Kenya huko Athens mwaka wa 2004. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022 mjini Birmingham, Kenya ilipeleka timu ya wanawake ya vikapu vya viti vya watatu kwa watatu, na Hellen Wawira akarudi na medali ya shaba ya kunyanyua uzani. Nawataja wanawake kwa makusudi. Msichana anayepooza hufichwa ndani kuliko kaka yake, na huwa wa mwisho kupewa kiti.

HATARI AMBAZO LAZIMA UZIJUE

Sasa sehemu ambayo ningeomba uikate na kuibandika ukutani.

Mtu aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua, yaani pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, anaweza kupatwa na kupanda kwa ghafla kwa shinikizo la damu kunakoitwa na madaktari disrefleksia. Kitu kinaudhi mwili chini ya jeraha: kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, choo kimefunga, mkanda umebana, ukucha umeota ndani ya nyama. Yeye hahisi, lakini mwili unahisi na unajibu kwa fujo. Kichwa humpasuka kwa maumivu, uso huwa mwekundu au humtiririka jasho, vinyweleo humsimama, pua huziba, macho huona ukungu.

Hii ni dharura, na inaweza kupasua mshipa wa damu kichwani. Usimlaze. Mketishe wima, legeza mikanda, viatu na nguo. Tazama mpira wa mkojo kama umejikunja, na kama hana mpira, atolewe mkojo. Hali isipotulia mara moja, kimbia hospitalini. Ukifika, mwambie muuguzi kwamba mtu huyu kwa kawaida huwa na shinikizo la chini, pengine 90 au 100 ile namba ya juu. Kwake yeye 140 si kitu cha kawaida hata kama kwa wengine si cha kutisha sana. Kwa kutolijua hilo, mgonjwa anaweza kurudishwa kwenye foleni.

Wapo wanamichezo wakubwa waliojiletea hali hii kwa makusudi, kwa kuacha kibofu kijae, ili damu iende kasi na washinde. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki imelipiga marufuku jambo hilo, na wanaoshukiwa hupimwa kabla ya mashindano.

Jua nalo ni adui. Sehemu iliyopooza haitoi jasho vizuri, kwa hivyo joto hubaki ndani. Mchezaji wa Mombasa au Kisumu afanye mazoezi asubuhi au jioni, awe na chupa ya kujinyunyizia maji usoni na mikononi, na taulo lenye maji shingoni. Asipunguze maji ya kunywa eti kwa kuogopa mkojo. Atoe mkojo kabla ya kuingia uwanjani, kisha anywe.

Ngozi ikaguliwe kila baada ya mchezo, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani: makalio, mkia wa mgongo, visigino, vifundo. Wekundu au weusi usiotoweka baada ya nusu saa ni onyo. Mwenye kidonda asicheze mpaka kipone. Miguu ivae viatu na ifungwe kwa mkanda, kwani mguu unaoburutwa sakafuni huchubuka hadi mfupa bila mwenyewe kujua. Na chuma cha kiti kilichoachwa juani huunguza.

Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hudhoofika. Akianguka na paja likavimba au kupata joto, au misuli ikaanza kustukastuka kuliko kawaida, apigwe picha hata kama anasema haumwi. Hawezi kusema anaumwa.

Mabega ndiyo miguu yake mipya, nayo hayana spea. Asukume kwa mikono mirefu na ya taratibu badala ya kudonoadonoa gurudumu. Afanye pia mazoezi ya kuvuta kuelekea nyuma, maana kusukuma peke yake hukaza kifua na kuacha mgongo dhaifu. Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa kwenye komeo la mlango yatosha kwa kazi hiyo.

KUANZIA WAPI, NA KWA KIASI GANI

Kwanza apate kibali cha daktari kwamba mifupa imeshikana, na maelekezo ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, na hospitali kubwa za kaunti nyingi zina idara za tiba ya viungo. Uliza swali hili kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, wala usingoje mwaka upite.

Wataalamu kutoka nchi kadhaa walikubaliana katika mwongozo uliotolewa mwaka wa 2017 kwamba mtu mzima aliyeumia ugwe wa mgongo afanye angalau dakika 20 za mazoezi ya kumtoa pumzi, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki kwa kila kundi la misuli inayofanya kazi. Akitaka kuulinda moyo na kuepuka kisukari, afikishe dakika 30 mara 3 kwa wiki. Si mengi. Hata hivyo, aliyekaa mwaka mzima aanze na dakika 5. Aliyeumia shingoni asipime juhudi kwa mapigo ya moyo, kwa kuwa moyo wake mara nyingi haupiti mapigo 110 hadi 130 kwa dakika hata akijitahidi vipi. Apime kwa pumzi: aweze kuongea, lakini asiweze kuimba.

Kiti ni jambo zito. Kile kipana cha hospitalini, ambacho makalio yanaelea ndani yake, si cha mchezo, na kusema kweli si cha maisha pia. Kiti kinachomfaa mtu hupimwa mwilini mwake kama suti. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini, APDK, ambacho kimekuwapo tangu 1958, hutengeneza viti. Kiti cha vikapu chenye magurudumu yaliyoinama ni ghali, na timu nyingi huvitumia kwa zamu. Usisubiri uwe nacho. Mtu anaweza kuanza kwa kusukuma kiti chake cha kawaida kuzunguka uwanja wa shule Jumamosi, au kwenye maegesho ya kanisa siku isiyo ya ibada. Aweke chupa tupu kumi kwenye mstari azipite kwa kuzungukazunguka. Arushe mpira ukutani na kuudaka. Jirani mwenye miguu naye akae kwenye kiti washindane, na mara nyingi jirani ndiye atakayehema kwanza.

Siku ya kwanza ya kumpeleka kwenye timu, mfungie mkoba mmoja: maji chupa mbili, moja ya kunywa na moja ya kujimwagia, taulo, vifaa vyake vya kutolea mkojo, suruali ya kubadilisha, kioo kidogo, glavu kuukuu za kushikia magurudumu, na karatasi iliyoandikwa mahali pa jeraha lake na shinikizo lake la kawaida la damu. Mkifika, mpe mkoba aupakate mwenyewe. Mwache atoke garini kwa mikono yake hata kama itachukua dakika kumi na wenye magari nyuma yenu wanapiga honi. Kisha nenda ukakae kwenye kivuli pamoja na jamaa wa wachezaji wengine. Wana mengi ya kukueleza.